Cheo Hakishibishi Moyo

(Mazungumzo haya husomwa redioni kila juma, kisha huchapwa katika safu hii kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Katika Kiswahili tunalo neno moja lenye sura mbili, nalo ni kukinai. Mtu akisema amekinai, huenda ana maana kwamba ametosheka na alicho nacho na hatamani tena cha mwenzake. Lakini huenda pia ana maana kwamba kitu kile alichokipenda kimemchosha, hata hataki kukiona mbele ya macho yake. Aliyekula maharage mchana na jioni kwa siku saba mfululizo amekinai, lakini hakuna atakayesema kwamba huyo ni mtu mwenye raha.

Wengi wetu tuishio mijini tunaitafuta sura ya kwanza ya neno hili na kuishia kwenye ya pili. Mtu huhangaika apate kazi. Akipata kazi ataka cheo. Akipata cheo ataka nyumba, na nyumba ikiisha kujengwa ataka ukuta wake uwe mrefu kuliko wa jirani. Katika kila hatua hujiambia, "Nikifika pale nitapumzika." Afikapo pale anakuta hakuna kiti.

Tusieleweke vibaya. Mama asiye na karo ya mtoto, au kijana anayedaiwa kodi ya chumba, hana haja ya kuhubiriwa kwamba fedha si kitu. Njaa ya tumbo ni njaa ya kweli, na Injili zinatueleza kwamba Yesu aliwalisha watu mkate walipokuwa na njaa. Hakuwapa maneno matupu. Swali letu la leo ni la baada ya hapo. Kwa nini mtu aliyekipata alichokuwa akikitafuta bado haridhiki? Na Ukristo unaposema kwamba unalo jibu, jibu hilo ni nini hasa?

Ili tusizungumze hewani, tumchukue mtu mmoja aliyelipitia swali hili hadi mwisho na kutuachia maandishi yake. Huyu ni Augustino wa Hippo. Jina lake si geni kwetu. Pale Mwanza kuna chuo kikuu kinachoitwa kwa jina hilo. Hata Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa Mei 8, 2025, ni mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Lakini wengi hulijua jina bila kujua habari za mwenyewe.

KIJANA ALIYEKOSA KARO

Augustino alikuwa Mwafrika wa Kaskazini. Alizaliwa Novemba 13, mwaka 354, katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakati huo nchi ile ilikuwa chini ya Dola ya Kirumi. Baba yake, Patricius, alikuwa mtu wa heshima kiasi katika mji wao, lakini fedha zake hazikutosha. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye bidii. Wazazi hao waliiona akili ya mtoto wao, wakaliweka tumaini lao lote katika shule. Habari hii twaijua sote. Mtoto mmoja husomeshwa, na ukoo mzima hukaa ukimwangalia.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 alikaa nyumbani kwa sababu fedha za masomo zilikuwa hazijapatikana. Baadaye baba alijikaza, na tajiri mmoja wa mji wao aitwaye Romanianus alitoa msaada. Kijana akaenda kusoma Carthage, jiji kubwa la pwani lililokuwa karibu na Tunis ya leo. Huko alijifunza ufundi wa kusema mbele ya watu, elimu ambayo siku zile ilikuwa ngazi ya kupandia kwenye vyeo vya serikali. Huko pia alianza kuishi na mwanamke bila ndoa ya halali, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus.

Augustino alifaulu. Alifundisha kwao, akafundisha Carthage, na mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma. Alipofika huko alikuta wanafunzi wenye desturi ya kumkimbia mwalimu mara tu siku ya kulipa ada inapokaribia! Lakini mwaka 384, akikaribia kutimiza miaka 30, alipata kazi ambayo wengi waliiota tu. Aliteuliwa kuwa mwalimu wa ufundi wa kusema katika jiji la Milan, mahali palipokuwa na makao ya mfalme, na mshahara wake ukalipwa na dola. Mtoto aliyekosa karo Thagaste sasa alikuwa akiandika hotuba za kumsifu mfalme. Hapo ndipo shida ilipoanza.

MLEVI WA BARABARANI

Augustino mwenyewe ametusimulia katika kitabu chake kiitwacho Maungamo, alichokiandika kuanzia mwaka 397 hivi, jambo lililompata akiwa Milan. Siku moja alikuwa akipita barabarani pamoja na rafiki zake, huku akihangaika na hotuba ya kumsifu mfalme. Alijua kwamba hotuba hiyo ilijaa uongo, na kwamba wasikilizaji wataushangilia uongo huo huku wakijua kuwa ni uongo. Wakati huo alimwona ombaomba mmoja aliyekwisha kunywa, akicheka na kufanya mzaha.

Augustino alisimama akatafakari. Mtu yule, kwa visenti vichache alivyoomba, alikuwa ameipata furaha ambayo yeye msomi alikuwa akiikimbilia kwa miaka mingi, kwa jasho na hofu, na bado hajaipata. Ni kweli kwamba furaha ya mlevi si furaha ya kweli. Lakini Augustino alitambua kwamba hata ile aliyokuwa akiitafuta yeye haikuwa ya kweli. Tena mlevi angelala usiku ule na kuamka asubuhi ulevi umemtoka. Yeye alikuwa akilala na ulevi wake wa sifa na kuamka nao, kesho na keshokutwa.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Augustino hakusema kwamba heri kuwa ombaomba. Alichogundua ni kwamba kitu alichokiita mafanikio kilikuwa kikiendeshwa na hofu: hofu ya kutosifiwa, ya kupitwa na mwenzake, hata ya kurudi Thagaste mikono mitupu. Ni watu wangapi katika miji yetu wanaofanya kazi hadi usiku wa manane kwa sababu ya hofu ya namna hiyo, huku wakiiita bidii?

MWANAMKE ASIYETAJWA JINA

Kuna jambo lingine ambalo lina uchungu zaidi. Ili apande juu zaidi, Augustino alihitaji mke wa familia yenye mali. Mama yake alimsaidia kutafuta mchumba, na msichana akapatikana, ingawa umri wake ulikuwa bado haujatimia na iliwapasa kungoja karibu miaka miwili. Basi yule mwanamke aliyekuwa ameishi naye zaidi ya miaka 10, mama wa mtoto wake, akaonekana kuwa kizuizi. Alirudishwa Afrika, na mtoto akabaki na baba. Mwanamke yule aliondoka akiapa kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Jina lake hatulijui hata leo, kwa sababu Augustino hakuliandika.

Augustino anakiri kwamba moyo wake ulichanika na kuvuja damu. Hata hivyo hakuweza kungoja. Akachukua mwanamke mwingine kwa muda.

Tumelieleza hili kwa makusudi. Watu wengi wanapozungumza juu ya kukosa raha moyoni hulifanya jambo hilo kuwa la mtu binafsi, kana kwamba tamaa ya mtu humuumiza yeye peke yake. Sivyo. Yuko mtu mwingine anayelipa. Ni mke wa siku za dhiki anayeachwa siku za neema, au mtoto anayemwona baba Jumapili tu, tena baba akiwa na simu mkononi. Mdogo wake aliyemsomesha kwa kuuza vitumbua naye hulipa, pale anaposahauliwa. Moyo wenye njaa hula watu.

KUGEUKA KULIKUWA NI KUGEUKIA NINI?

Huko Milan, Augustino alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi akihubiri. Kwanza alikwenda kwa sababu alisikia kwamba askofu huyo anajua kusema. Alitaka kuupima ufundi wake. Lakini kidogo kidogo, pamoja na maneno mazuri, mambo yenyewe yalianza kumwingia. Kwa miaka kama 9 alikuwa mfuasi wa dini ya Mani, iliyofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana. Sasa aliona kwamba fundisho hilo halikumtosha.

Mwaka 386, katika bustani ya nyumba alimoishi, alilia sana kwa sababu alijua la kufanya lakini hakuwa na nguvu ya kulifanya. Alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikimhimiza achukue kitabu asome. Akafungua nyaraka za Mtume Paulo, akasoma maneno ya Waraka kwa Warumi yanayomtaka mtu auache ulevi na uasherati, aache ugomvi na wivu, na amvae Kristo kama vazi. Anasema hakuhitaji kuendelea kusoma. Aliacha kazi yake ya Milan, na usiku wa Pasaka mwaka 387 akabatizwa na Ambrosi, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius.

Sasa tufike kwenye maelezo yenyewe. Augustino alifundisha kwamba binadamu hawezi kuishi bila kupenda. Hata mwizi anapenda kitu. Kwa hiyo kosa letu haliko katika kupenda; liko katika mpango wa mapendo yetu. Kazi ni njema, lakini ukiipenda kama Mungu itakutafuna, kwa kuwa kazi haikuumbwa iweze kubeba mzigo huo. Mke, mume na watoto ni wema. Lakini ukiwataka wakupe amani ambayo Mungu peke yake anaweza kuitoa, utawachosha nao watakuchosha. Fedha ni chombo. Mtu akiitumikia badala ya kuitumia, mambo yamepinduka, kama mtu anayemkalia farasi kinyume akielekea mkiani na kushangaa kwamba hafiki.

Kuna vitu vya kutumia njiani, na kuna mahali pa kufika. Msafiri anayekwenda Dodoma kwa basi akilipenda basi hata akakataa kushuka, hakulipenda basi vyema. Amelipoteza lengo la safari. Kwa Augustino, mahali pa kufika ni Mungu mwenyewe. Moyo uliumbwa kwa ajili yake, na ndiyo maana hakuna kingine kinachoujaza. Mpendo huo wa kwanza ukikaa mahali pake, mengine yote hupata nafasi yake, wala hayaharibiki. Mtu anaweza kuipenda kazi bila kuwa mtumwa wake, na kuipoteza bila kupotea yeye.

Hii ndiyo maana ya Kikristo ya kukinai kwa sura ile ya kwanza. Ndugu zetu Waislamu nao wanaijua vizuri thamani ya kinaa, na neno lenyewe limetufikia kutoka Kiarabu. Lakini Mkristo huongeza jambo moja: kwamba mtu hajipangii mapendo yake kwa nguvu zake tu. Augustino alijaribu akashindwa. Anapewa, na kupewa huko ndiko Wakristo wanakokuita neema.

IMANI SI BAHATI NASIBU

Hapa yafaa tuseme wazi, kwa sababu mitaa yetu imejaa mabango na vipaza sauti. Wako wanaohubiri kwamba ukiamini, na hasa ukitoa sadaka kubwa, utapata gari, cheo na safari za nje. Watu hao hawaponyi njaa ya moyo. Wanaipaka mafuta tu. Wanamchukua Mungu, aliye mahali pa kufika, na kumfanya basi la kutupeleka kwenye mali.

Tazameni yaliyompata Augustino baada ya kuamini. Mwaka ule ule wa 387, akiwa njiani kurudi Afrika, mama yake alifariki Ostia, bandari ya Roma. Miaka michache baadaye mwanawe Adeodatus, kijana mwenye akili kali, alifariki kabla hajafikisha umri wa miaka 20. Kama imani ingekuwa kinga ya misiba, basi huyu hakuipata. Alilia kama sisi tunavyolia. Tofauti ni kwamba misiba haikuondoa mahali pake pa kusimama.

Wako pia wanaohubiri kinyume chake: kwamba ili kumpata Mungu ni lazima kuyachukia maisha yenyewe. Hatujasahau Kanungu, nchini Uganda, ambako mamia ya watu walikufa Machi 2000. Wala hatujasahau Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto, walioambiwa wafunge kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Mapendo yaliyopangwa vyema hayamwambii mama amnyime mtoto wake chakula. Mhubiri yeyote anayedai utii unaompasa Mungu, akataka usiulize wala usisome wala usiwasiliane na ndugu zako, huyo amejiweka mahali pa Mungu. Kimbia!

MTI HUJULIKANA KWA MATUNDA

Basi mtu atajuaje kama utimilifu alioupata ni wa kweli? Tazama unamfanya kuwa mtu wa namna gani kwa wengine.

Augustino alitaka kuishi maisha ya utulivu pamoja na rafiki zake, wakisali na kusoma. Lakini mwaka 391 alipofika mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba, Algeria, waumini walimkamata kanisani na kudai apewe upadri, huku yeye akilia. Miaka michache baadaye akawa askofu. Kwa zaidi ya miaka 30 aliyekuwa akiwaandikia wafalme sifa za uongo alikaa akisuluhisha ugomvi wa watu wa kawaida juu ya mashamba, madeni na urithi, tena mara nyingi hadi jioni. Hakupata alichokitamani, lakini alipata kazi iliyokuwa na maana.

Rafiki yake Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, anatueleza kwamba Augustino aliamuru hata vyombo vitakatifu vya kanisa viyeyushwe ili kuwakomboa mateka na kuwasaidia maskini. Na katika barua zake zilizogunduliwa na mtaalamu Johannes Divjak, na kuchapwa mwaka 1981, iko moja inayotusikitisha sisi watu wa mwambao zaidi kuliko wengine. Anaeleza jinsi wafanyabiashara wa watumwa walivyokuwa wakiwateka watu huru wa Afrika na kuwapakia merikebuni pale Hippo kwenda kuuzwa ng'ambo. Waumini wa kanisa lake, yeye mwenyewe akiwa hayupo mjini, waliwaokoa watu kama 120. Wafanyabiashara hao walikuwa na wakubwa wa kuwatetea, na waumini waliwekwa katika hatari. Askofu aliwatetea.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Augustino wa Milan alimfukuza mwanamke aliyempenda ili apate cheo. Waumini wa Augustino wa Hippo waliwakomboa watu wasiowajua, pasipo faida yoyote. Katikati ya hayo mawili ndipo palipo na jibu la swali letu. Mtu aliyeshiba ana cha kuwapa wengine. Mwenye njaa huchukua tu.

MASWALI MATATU

Msikilizaji mpenzi, huenda unasema, "Hayo ni ya maaskofu wa kale, mimi nina kioski tu." Sawa. Lakini maswali yake ni yale yale, nayo hayahitaji elimu ya Carthage.

La kwanza, ni kitu gani ambacho kikiondolewa leo utaona kwamba wewe si mtu tena? Hicho ndicho mungu wako, hata kama Jumapili unakwenda kanisani. La pili, ni nani amelipa gharama ya kupanda kwako, na je, umekwisha kumtaja kwa jina? Zakayo, mtoza ushuru, alipokutana na Yesu hakuishia kufurahi moyoni. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. La tatu, mara ya mwisho kumtolea Mungu nafasi bila kumwomba kitu ilikuwa lini? Dakika 10 za ukimya alfajiri, kabla ya daladala na kabla ya simu, zinaweza kumfundisha mtu mengi juu ya njaa yake mwenyewe.

Augustino alifariki Agosti 28, mwaka 430, akiwa na umri wa miaka 75. Jeshi la Wavandali lilikuwa limeuzingira mji wake. Kwa macho ya kibinadamu kila alichokijenga kilikuwa kinaanguka. Aliomba zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, akawa akizisoma na kulia. Possidius anasema hakuacha wosia wa mali, kwa sababu alikuwa maskini wa Mungu na hakuwa na kitu cha kuusia. Aliagiza tu kwamba vitabu vya kanisa vitunzwe vizuri.

Mtoto wa Thagaste aliondoka duniani mikono mitupu, jambo lile lile alilokuwa akiliogopa alipokuwa Milan. Safari hii hakuliogopa.